Kitabu cha Tano Kiliwekwa Mwisho

Filister Adhiambo hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua ya kuomba ruhusa, lakini kama kuna mtu katika Homa Bay nzima anayejua kitabu kizuri na kibaya, ni yeye. Nasema hivyo nikiwa bado nimemkasirikia. Mimi naitwa Dorine, ni fundi cherehani, na kibanda changu kimepakana na chumba chake cha vitabu hapa Kosele, nyuma ya posho mill ya kusagia unga. Kitabu kikivunjika mgongo huniletea nikishone. Vingine huvisoma kwanza, ndiyo maana nguo za watu huchelewa na mimi hutukanwa.

Kazi ya vitabu hakuisomea. Alianza kwa kupiga deki maktaba ya shule ya bweni upande wa Asumbi, msichana aliyekatiza masomo darasa la saba, na alikuwa akisoma huku akingoja sakafu ikauke. Sakafu ya Filister ilichukua muda mrefu sana kukauka. Aliponyakuliwa na ndoa, kisha ndoa ikamtema, akarudi na kukuta kikundi cha akina mama kimefungua chumba cha kusomea hapa sokoni. Walitaka mtu wa kushika ufunguo. Ameushika miaka ishirini na mbili.

Ana daftari la wanaoazima, na humo ndimo ulimo ujuzi wake wote. Wengine huandika jina la msomaji na tarehe, basi. Yeye huandika pia kitabu kilirudi katika hali gani. Kikirudi kesho yake kisafi, anajua hakikusomwa. Kikirudi kimechelewa wiki tatu, kina masizi ya koroboi, tone la uji na mkunjo kwenye kona, anaweka alama ya nyota pembeni. Kuna mhubiri aliyewahi kumletea kitabu cha mahubiri yake akamwomba akisifu mbele ya watu. Filister alimwambia kitabu kile kimeazimwa mara moja, na aliyekiazima alikuwa anataka kitu cha kukalia. Kuhusu vitabu hakuwa na adabu, wala hakuwa na uongo, na soko lote lilijua hivyo.

Sasa nije kwa Mwalimu Maurice Odira, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na hasira hii. Alifundisha Kiswahili shule za msingi miaka thelathini na kitu, mwanzo Isebania kule mpakani, ambako alisema ndiko ulimi wake uliponyooka, baadaye bonde la Lambwe, mwisho hapa nyumbani. Jioni alikuwa akiandika kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Alitoa hadithi moja ndefu ya vitabu sita, akaiita *Wafalme wa Chumvi*. Ni nchi ambayo ziwa lake lilikauka likaacha chumvi, na mwenye chumvi ndiye mwenye jeshi. Kuna milima inayohama, ndege wanaokumbuka majina ya wafu, na koo tisa zinazouana kwa sababu ya taji moja. Mpiga chapa mmoja wa Migori mjini alivichapa mara moja, nakala chache, kisha akafunga duka akahamia mambo ya vipuri. Nakala zilizobaki karibu zote ziko kwa Filister, na migongo yake nimeishona mimi.

Filister alikuwa amevipanga vile sita kwa ubora miaka mingi kabla hajaulizwa na mtu. Cha tano, cha tatu, cha pili, cha sita, cha nne, na mkiani kabisa cha kwanza. Ungemwamsha usingizini angekwambia hivyo hivyo. Cha kwanza kina kurasa themanini za nani alimzaa nani kabla mtu yeyote hajainua mguu, na shujaa wake ana upanga unaoimba, na unaimba vibaya. Cha nne wanatembea, wanakula, wanatembea tena. Cha sita Mwalimu alikiandika akikimbizana na ugonjwa, na watu wanakufa wawili wawili kwenye ukurasa mmoja ili hadithi iishe. Cha pili kina mfalme mwovu ambaye unajikuta unamwombea. Cha tatu kina vita vya darajani, na hivyo vita vimewahi kunifanya nichome shati la mteja kwa pasi.

Lakini cha tano. Cha tano kimeachana na wafalme kabisa, kinamfuata mpishi wa jeshi, mwanamke anayeitwa Mirumbe, jina alilolitoa Mwalimu huko Isebania. Anawapikia askari wa koo zote tisa, anawajua kwa njaa zao, anazika wengine akiwa bado anakumbuka nani hakupenda ndengu. Mwishoni anakataa kuwasha moto. Hapo ndipo vita vinakwisha, kwa sababu ya chungu kilichokaa baridi. Filister alikisoma mara ya kwanza akiwa na ufagio mkononi, akaketi chini. Daftari lake lina nyota nyingi kwa kitabu hicho kuliko vingine vitano vikijumlishwa. Nakala yake ilikuwa moja tu, ikasomwa mpaka kurasa kumi na moja za mwisho zikang'oka, zikapotea moja baada ya nyingine, nadhani kwa watu waliozipenda mno. Ukitaka kujua mwisho kamili ilibidi umwendee Mwalimu, akusomee kutoka kwenye madaftari yake.

Mwalimu alipoona siku zake zimekaribia, aliwagawia watoto wake vitabu kama watu wanavyogawa ng'ombe. Alikuwa na nyumba mbili, yaani wake wawili. Chrispine, mwana wa kwanza wa Mama Roselyn, mke mkubwa, akapewa kitabu cha kwanza pamoja na madaftari yake. Ndugu zake wawili wa nyumba ile wakachukua cha pili na cha tatu. Wavulana wa nyumba ndogo wakapata cha nne na cha sita. Cha tano alimpa Valary, binti wa nyumba ndogo, aliyekuwa amerudi kutoka ndoa ya Awendo na mtoto mchanga mwenye kifua kibovu. Kwetu binti hapewi shamba. Mwalimu alimwambia mbele yangu, siku nilipompelekea kanzu yake ya kuzikiwa aijaribu, "Udongo siwezi kukupa, nyathina, mwanangu. Hiki kitabu hakina mpaka, hakuna wa kukuhamisha."

Baada ya mazishi Valary alifunga madaftari ya kitabu chake kwenye mfuko wa nailoni akaweka chini ya kitanda. Hakuyasoma. Aliacha shule kidato cha pili, na wakati ule alikuwa akilala ameketi, mtoto kifuani, ili mtoto apumue. Aliniambia atasoma mtoto akipata nafuu.

Mwaka juzi akaja kijana mmoja kutoka kampuni ya uchapishaji ya Nairobi, anaitwa Wesley, mpole, ana miwani. Alikuwa amekipata kimojawapo cha vitabu vile mahali fulani, akakipenda. Kampuni ilikuwa tayari kuvichapa upya, lakini kwa kuanza na viwili tu vilivyo bora, vikienda vizuri vingine vifuate, na kila mkataba usainiwe na mwenye kitabu chake. Hakutaka kujiamini peke yake. Alitaka mpangilio wa mtu aliyeona wasomaji kwa miaka, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa Filister. Familia ikasema sawa, ila mpangilio usomwe nyumbani kwa Mwalimu, wote wakisikia.

Nilikuwepo Chrispine alipokuja kumwona Filister kabla ya siku hiyo. Hakuja kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, ningependa awe mtu mbaya. Alileta sukari na majani ya chai. Alimkumbusha tu mambo ambayo kila mtu hapa anayajua. Wakati wa kupanda, mke mkubwa ndiye hutangulia kutia mbegu ardhini, kisha mke wa pili, kisha wana kwa umri wao. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Anayeruka zamu yake hupatwa na chira, ule ugonjwa wa kukonda usiokuwa na dawa ya hospitali, na mara nyingi huwapata watoto. Akasema yeye hana haja ya kuwa wa kwanza, ila vitabu ni mali ya boma, na mali ya boma ina mstari.

"Wewe ni mama wa hapa," alimaliza. "Huyo kijana ataenda zake Nairobi. Sisi tutabaki na Valary na huyo mtoto anakohoa."

Filister hakumwamini Chrispine kuhusu mstari. Alimwamini kuhusu mtoto. Yaani hakuogopa kwamba mtoto angekufa kwa sababu ya kitabu, aliogopa kwamba mtoto angekufa kwa kifua chake, kisha watu wangesema ni kitabu, na Valary angeishi na hilo maisha yake yote. Alikuja kibandani kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza afanye nini. Nilikuwa na sindano mdomoni. Nilizitoa nikamwambia.

Nilimwambia mambo haya hayana ugumu. Mbele ya watu sema wanachotaka watu, na ukimsindikiza mgeni mpaka barabarani mwambie ukweli. Si ndivyo tunavyofanya hapa siku zote? Hakuna jambo la maana linalosemwa mbele ya chakula. Posa, mashamba, nani kamwacha nani, yote husemwa njiani, mkiwa wawili, mkitembea polepole, na mgeni mwenye akili hupunguza mwendo ayasikie. Nilijiona mwerevu. Filister akashusha pumzi, akasema ni kweli, atamwambia njiani.

Basi Jumamosi tukaenda. Tulikula, tukaomba, Wesley akatoa karatasi. Filister akasimama akasoma: cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha sita, na mwisho cha tano. Aliweka nyumba kubwa mbele, nyumba ndogo nyuma, wavulana kabla ya binti. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wesley akakunja uso, akauliza kama hayo ni kwa ubora kweli, siyo kwa namba. Akajibiwa ni kwa ubora. Akauliza tena.

"Mama, una uhakika na hiki cha tano?"

"Hivyo ndivyo vilivyo," Filister akasema.

Valary alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa. Nilimwangalia. Nilidhani anaelewa, ni mtoto wa hapa, anajua mpangilio wa mezani ni heshima tu. Akapita na birika, akatumwagia maji mikononi mmoja mmoja, hakuna tone lililomwagika chini.

Filister akasaini karatasi na kugonga muhuri wa chumba cha vitabu. Kisha akafunga leso kiunoni, akachukua mkoba, akatoka nje amsindikize mgeni. Chrispine alikuwa ameleta gari mpaka mlangoni. Kwa heshima kabisa, alimfungulia Wesley mlango wa mbele na kumpeleka mwenyewe hadi Oyugis akapande gari la Nairobi. Filister alifika langoni akakuta vumbi. Alisimama pale na leso yake kiunoni kama mtu aliyeachwa na harusi.

Jumatatu alipiga simu akiwa kibandani kwangu. Aliweka sauti kubwa ili nisikie. Alimweleza Wesley yote, mpangilio wa kweli na sababu, na nyota za kwenye daftari. Kijana akajibu bila hasira.

"Mama, niko na karatasi umesaini na kugonga muhuri. Nikipeleka ingine kwa boss, ataniuliza gani ndio ya ukweli. Siku ile nilikuuliza mara mbili."

Filister akakata simu. Nilianza kumtukana Wesley, na watu wa Nairobi wote, na simu yenyewe. Hakunisaidia kutukana. Alirudi chumbani kwake akafuta vumbi vitabu ambavyo havikuwa na vumbi.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka uliofuata kikiwa na jalada zuri la kung'aa, na cha pili kikafuata. Chrispine alileta nakala kumi kwa mkono wake. Filister aliziazimisha, akaandika kwenye daftari: kesho yake, safi. Kesho yake, safi. Mwanafunzi mmoja alimwambia alifika ukurasa wa arobaini bado watu wanazaana tu. Na nani angenunua cha pili bila kukimaliza cha kwanza? Kampuni ikaandikia familia barua ya adabu kwamba haitaendelea. Mila ilifuatwa mpaka nukta ya mwisho, na hakuna aliyeshiba, hata huyo mkubwa mwenyewe. Mtoto wa Valary naye akapona kifua. Siku hizi anakimbia sokoni na mashavu kama mandazi.

Hapo ningeweza kumaliza, ingekuwa hasara ya kawaida, kama zile zinazotupata kila mwaka. Lakini Aprili hii, mvua zikiwa zimeanza, nilinunua njugu kwa Valary. Ana meza ndogo stendi ya bodaboda, anakaanga vizuri, anazifunga kwenye karatasi iliyoviringwa kama koni. Nilikula nikishona. Zilipoisha nikafungua karatasi niifutie mashine mafuta, nikaona mwandiko. Wino wa buluu, herufi zimelala kulia kidogo. Mwaka mzima niliuangalia mwandiko ule ubaoni. Mwalimu Odira alinifundisha darasa la sita.

Nilisoma mstari wa kwanza nikajua ni nini. Nilienda chumba cha vitabu bila kuvaa viatu. Filister aliisoma amesimama, akaigeuza, akaisoma nyuma. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mchana, akafunga mlango wa chumba chake kwa kufuli.

Tulimkuta Valary akipepea jiko. Filister alimwonyesha karatasi, akamuuliza zingine ziko wapi.

"Ni zile daftari za baba," Valary akasema. "Zilikuwa mob, nyingi kabisa, mama, zimenisaidia sana. Imebaki gazeti sasa. Hiyo ilikuwa ya mwisho mwisho."

"Kwa nini, nyathina?"

Valary alimtazama kana kwamba ni swali la kipumbavu. Akasema yeye si msomi, lakini Filister ni msomi, na Filister alisimama nyumbani kwao akasema mbele ya wazee kwamba kile ni cha mwisho. Mtu yeyote mwingine angesema vile asingemjali, angejua ni siasa za boma. Lakini Filister hadanganyi kuhusu vitabu. Kwa hiyo alielewa. Baba yake alikuwa na vitabu vitano vizuri akawapa wavulana, na kile kibaya akampa yeye, akakipamba na yale maneno ya mpaka.

"Hata sikukasirika," akasema. "Nilijua tu ndivyo alivyoniona."

Filister alishika ukingo wa meza. Mimi nilitaka kusema ni mimi, ni wazo langu, mimi ndiye niliyetoa sindano mdomoni nikasema njiani, njiani. Yeye ndiye aliyesema.

"Kilikuwa cha kwanza. Tangu siku nilipokisoma. Hakuna kingine kilichokikaribia, na baba yako alijua. Ndiyo maana alikupa wewe."

Valary aliacha kupepea. Moshi ukampita usoni, hakupangusa macho.

"Ulimwambia nani?"

"Nilimpigia Wesley."

"Siulizi Wesley. Unapita hapa asubuhi, unapita jioni. Miaka miwili. Umekula njugu zangu. Mbona hukuniambia mimi?"

Kwa kweli hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria hilo. Tulikuwa tumemwogopa Chrispine, tukawaheshimu wazee, tukamkimbilia mgeni na miwani yake, tukamhurumia mtoto. Mwenye kitabu hatukumkumbuka. Kumwambia kusingehitaji muhuri wala gari, wala kusingemrusha mtu zamu. Dakika mbili tu penye jiko.

Akaja mtu wa bodaboda akataka njugu. Valary alirarua gazeti, akaviringa, akajaza, akampa. Kisha akamwuliza aliyefuata anataka za chumvi au bila.

Nimeishona ile karatasi nyuma ya kitabu cha tano kwa uzi mweupe, mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Ina maneno ya moja kati ya kurasa zilizokuwa zimepotea. Ina doa la mafuta ya njugu katikati, lakini inasomeka. Wafalme tisa wamesimama mbele ya jiko baridi, wanamuuliza Mirumbe kwa nini hasemi, na Mirumbe anaweka mwiko chini, anawatazama mmoja mmoja, anafungua mdomo. Hapo karatasi imeisha. Wasomaji wakifika hapo hutoka na kitabu mkononi wanamuuliza Filister huyo mpishi alisema nini. Mimi na yeye tulisomewa mwisho huo na Mwalimu mwenyewe, kila mtu kwa wakati wake. Mimi nakumbuka Mirumbe aliwatukana wafalme. Filister anakumbuka alisema kwa upole. Tumebishana tangu Aprili, na hakuna mahali pa kwenda kuangalia.